Akina mama wanne, mabinti wanne: nani aisome The Joy Luck Club ya Amy Tan

Mtu akiomba riwaya ya mama na binti, mara nyingi hupewa moja ya aina mbili. Ipo inayomtukuza mama mpaka anageuka malaika, na ipo inayomshitaki mpaka hana alichobakiza. The Joy Luck Club, riwaya ya kwanza ya Amy Tan iliyotoka mwaka 1989, haimo katika kundi lolote kati ya hayo. Humu mama anasema yake, binti anasema yake, na karibu kila mara hawasikiani. Anayezisikia pande zote mbili ni msomaji. Ukilishika hilo mapema, kitabu kitakukaa moyoni. Lisipokuingia, utaona umepewa rundo la hadithi fupi zenye majina ya kukanganya.

Kisa chenyewe ni hiki. Familia nne za Kichina zimehamia San Francisco. Akina mama wa familia hizo wana chama chao: wanakutana, wanakula, wanacheza mahjong, mchezo wa Kichina wa vigae, wanachanga fedha. Mmoja wao, Suyuan Woo, amefariki miezi miwili kabla ya kitabu kuanza. Binti yake Jing-mei, mwenye umri wa miaka 36, anaitwa akae kwenye kiti cha marehemu, upande wa mashariki wa meza. Usiku huohuo wazee wanamkabidhi hundi ya dola 1,200 aende China akaonane na dada zake wawili. Hao ni mapacha ambao mama yake aliwaacha kando ya njia wakiwa wachanga, alipokuwa akikimbia kwa miguu kutoka Kweilin wakati wa vita na Japani, na hakuacha kuwatafuta hadi alipokufa. Wazee wanamwagiza: ukawaeleze mama yenu alikuwa mtu wa namna gani. Jing-mei anajibu kwamba hajui amweleze vipi. Hapo wale akina mama watatu wanashtuka, na si kwa ajili ya marehemu tu. Kila mmoja amemwona binti yake mwenyewe katika jibu lile.

Usomaji kwanza, maana wengi huachia njiani kwa sababu inayozuilika. Kitabu kina sura 16 zilizogawanywa katika sehemu nne, sura nne kila sehemu, na kila sehemu inafunguliwa na kisa kifupi kama ngano. Wasimulizi ni saba, na wote wanasema “mimi”. Sehemu ya kwanza na ya nne ni za akina mama, ya pili na ya tatu ni za mabinti, isipokuwa Jing-mei, ambaye anasimulia katika sehemu zote nne kwa kuwa mama yake hayupo tena kujisemea. Tatizo hutokea kati ya sura ya 2 na ya 6. Kila ukigeuza sura unakutana na mtu mpya, mji mpya na miaka mingine, na yule uliyeanza kumzoea hatarudi hadi kurasa nyingi baadaye. Zaidi ya hapo, binti anaposimulia humwita mzazi wake “mama yangu” tu, kwa hiyo ukisahau ni binti gani anayezungumza, umempoteza na mama.

Dawa yake ni karatasi ndogo ya kuwekea alama kitabuni. Iandike hivi: Woo ni Suyuan na Jing-mei, ambaye pia anaitwa June, sura ya 1, 8, 12 na 16. Hsu ni An-mei, sura ya 2 na 13, na binti yake Rose, sura ya 7 na 11. Rose anatumia pia jina la mumewe, Jordan. Jong ni Lindo, sura ya 3 na 15, na Waverly, sura ya 5 na 10. St. Clair ni Ying-ying, sura ya 4 na 14, na Lena, sura ya 6 na 9. Usihangaishwe na jina hilo la Kizungu, ni la baba yake Lena. Orodha ya majina iko mwanzoni mwa kitabu na jina la msimulizi liko juu ya kila sura, lakini anayesoma kwenye simu hawezi kurudi nyuma kirahisi, ndipo karatasi inapomfaa. Ukiitazama utagundua jambo: kila familia ina sura nne kamili. Hiyo maana yake unaweza kukisoma kitabu mara ya pili familia kwa familia. Nasisitiza mara ya pili. Ukianza kwa mpangilio huo utaharibu kazi ya mtunzi, kwa sababu umbali kati ya sura ya mama na ya binti umewekwa kwa makusudi.

Mfano bora ni sura ya 9 na ya 14. Katika ya 9, Lena anaishi na mumewe Harold kwa hesabu ya nusu kwa nusu. Kwenye friji pamebandikwa orodha: nani kanunua nini, kwa bei gani, ili mwisho wagawane. Mama yake, Ying-ying, amekuja kuwatembelea. Anaisoma orodha ile kimya, halafu anaona kwamba hata aiskrimu ya mume imo katika vitu vya kugawana. Lena hali aiskrimu. Hajaigusa tangu utotoni, mama yake anajua sababu, na mume hajawahi kutambua miaka yote hiyo kwamba mkewe anachangia kitu asichokila. Baadaye usiku, kwenye chumba cha wageni, chombo cha maua kinaanguka kutoka kwenye meza ndogo iliyotengenezwa vibaya na Harold. Lena anasema alijua kingeanguka. Mama anamuuliza kwa nini basi hakuzuia. Sura inaishia hapo, nawe unadhani umesoma ajali ya chombo cha maua. Sura tano mbele Ying-ying anazungumza mwenyewe, na unamkuta amekaa ndani ya chumba kilekile, ameitazama meza ileile, akingoja ianguke ili mlio wake umlete binti yake juu. Anataka kumweleza siri ambayo hajawahi kumwambia mtu. Lena hatajua kamwe kwamba alikuwa anangojewa. Wewe umejua.

Kwa hiyo wa kwanza kuifurahia ni binti mtu mzima, hasa aliyekwisha kuanza maisha yake na bado akipigiwa simu na mama anarudi kuwa na miaka kumi. Sura za Waverly zitamgusa zaidi. Huyu alikuwa bingwa wa sataranji akiwa na miaka tisa, na mama yake akawa anamtembeza sokoni kama kombe. Ukubwani anamleta nyumbani mchumba wake, Rich, Mmarekani mwenye nia njema kabisa. Tan anaandika mlo ule kama mtu anayeandika mechi. Rich anajaza glasi ya divai wakati wengine wameonja tu. Anawaita wazazi Linda na Tim, ilhali majina yao ni Lindo na Tin, na hakuna anayewaita kwa majina hayo isipokuwa wazee wenzao wachache. Kisha Lindo analeta sahani anayojivunia kuliko zote, nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa mvuke pamoja na mboga za kuhifadhiwa. Anaonja, anasikitika kwamba haikukolea. Kila mtu mezani anajua kwamba hiyo ni ishara ya kuanza kumsifu. Rich anachukua sosi ya soya na kuimimina juu ya sahani nzima. Hakuna anayepaza sauti, hakuna anayetukana, na Waverly amekaa pale akijua kwamba uchumba umekwisha kupata dosari ambayo hawezi hata kumweleza mwenye makosa. Kama umewahi kukaa katikati ya mzazi na mtu wako, huku kila mmoja akizungumza lugha yake ya adabu, mlo huu utauhisi tumboni.

Wa pili ni mama ambaye mtoto wake amekulia lugha nyingine au nchi nyingine. Kitabu hiki huuzwa kama kitabu cha mabinti, nami naona hapo kinapunjwa. Sura za akina mama ndizo zenye uzito. Lindo alichumbiwa akiwa na miaka miwili, akapelekwa kwa wakwe akiwa na 12, akaolewa akiwa na 16. Usiku wa harusi unawashwa mshumaa wenye ncha mbili, na ukiungua hadi asubuhi bila kuzimika ndoa haiwezi kuvunjwa. Namna anavyojinasua bila kuvunja ahadi ya wazazi wake sitaieleza, ila ni mpango wa akili kuliko hatua yoyote ambayo binti yake aliwahi kucheza kwenye ubao wa sataranji. Waverly anajidhani ameirithi akili ile kutoka hewani. Katika sura ya 15 Lindo anakiri kosa lake waziwazi: alitaka watoto wawe na nafasi za Kimarekani na tabia ya Kichina, hakujua kwamba vitu hivyo viwili havichanganyiki. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi anayesoma ungamo lile hatahitaji kuelezewa.

Wapo pia wasomaji wa aina ambayo huwa hawaambiwi kwamba kitabu hiki kinawahusu: watu ambao jina lao, umri wao au ukoo wao umewahi kuandikwa na mkono wa mtu mwingine. Katika sura ya 6 Lena anasimulia jinsi baba yake alivyomjazia mama yake fomu za uhamiaji. Akampa jina Betty. Kwenye mwaka wa kuzaliwa, badala ya 1914 akaandika 1916. Kwa hesabu ya Kichina ya miaka, ambapo kila mwaka una mnyama wake, 1914 ni mwaka wa Chui Milia na 1916 ni wa Joka. Kwa kalamu moja mwanamke yule akapoteza jina akawa mnyama mwingine. Ukifika sura ya 14 utaona kwa nini hilo si jambo la mapambo: Ying-ying mwenyewe anauhesabu uchui wake kuwa ndio nguvu aliyoiacha ififie, na ndiyo anayotaka kumrudishia binti. Hali kadhalika jina la Suyuan. Likiandikwa kwa alama fulani linamaanisha tumaini lililotunzwa muda mrefu. Likiandikwa kwa alama nyingine, kinyongo cha muda mrefu. Jing-mei analijua hilo kwa kuambiwa na baba yake, wakiwa safarini China, wakati mwenye jina hayupo tena kuulizwa anaandika lipi.

Wanaume wasipite mbali. Rich na Harold si watu wabaya, na ndiyo maana sura zao zinafaa kusomwa na mkwe yeyote. Kosa la Harold ni hesabu sahihi isiyomwona mtu.

Sasa wale ambao hawatakifurahia. Msomaji anayetaka kisa kimoja kinachopanda mlima mpaka kilele atachoka. Swali la mapacha linaulizwa katika sura ya 1 na kujibiwa katika sura ya 16, na katikati Jing-mei anaonekana mara mbili tu. Anayetafuta tukio la mama na binti kukumbatiana na kusameheana atangoja bure. Kinachotolewa badala yake ni vitu vidogo vinavyopita mkono kwa mkono: mkufu, piano, kaa asiye na mguu. Pia ujue mambo mazito yaliyomo kabla hujamzawadia mtu: kujiua kwa afyuni, ubakaji, utoaji mimba, mtoto wa miaka minne anayezama baharini mbele ya familia yake, na watoto wachanga kuachwa. Tan haandiki kwa kutaka kuogofya, lakini hafunikifuniki pia. Kwa kijana aliyeko shule, anza na sura ya 5 na ya 8 peke yake. Zinasimama zenyewe kama hadithi fupi, na kwa kweli Tan alikiwaza kitabu kama mkusanyiko wa hadithi zinazoshikana. Sura ya 8, ile ya piano, ndiyo ningempa mtu anayetaka kuonja kabla ya kununua. Ina mwalimu kiziwi asiyesikia makosa ya mwanafunzi, onyesho linaloharibika mbele ya wazazi wote, na sentensi moja ambayo binti anamtupia mama ikamzima kama taa.

Kiingereza chake si kigumu. Sentensi ni fupi na za mazungumzo, na kitabu hakifiki kurasa 300 katika chapa zinazopatikana zaidi. Maneno ya Kichina ni machache, mengi yanafafanuliwa palepale. Hata Rose anapotumia hulihudu kueleza kuchanganyikiwa kwake, unapata maana kwa muktadha. Angalia jambo moja zuri la lugha. Katika sura za mabinti, akina mama wanazungumza Kiingereza kilichokatikakatika, na ni rahisi kuwadharau pamoja na watoto wao. Katika sura zao wenyewe lugha ni timilifu, yenye picha na mizani, kwa kuwa hapo wanafikiri kwa lugha yao. Ni mtu yuleyule. Ukihamisha macho kutoka sura ya 10 hadi ya 15 utaona ni kiasi gani cha mama kinachopotea njiani kabla hajafika sikioni mwa mwanawe. Jambo dogo la kukusaidia: majina ya miji yameandikwa kwa tahajia ya zamani. Kweilin kwenye ramani ya leo ni Guilin, Chungking ni Chongqing, Tientsin ni Tianjin.

Kwa kasi, sura mbili kwa mkao mmoja zinatosha. Zaidi ya hapo sauti zinaanza kuingiliana, na hili ni kasoro halisi ya kitabu: An-mei, Lindo na Ying-ying wana maisha tofauti kabisa lakini mara nyingi wanasimulia kwa mdundo mmoja, wa ngano na mafumbo. Sauti za mabinti zinatofautiana vizuri zaidi. Wanaume wa Kichina nao wamechorwa kwa wino hafifu, wengi wakiwa wakatili au kimya. Mwandishi Frank Chin amemshambulia Tan vikali kwa kupotosha hadithi za jadi za Wachina ili ziwapendeze wasomaji wa Marekani, na hoja hiyo inastahili kukumbukwa: usikitumie kitabu hiki kama mwongozo wa mila za China. Hizi ni China za kumbukumbu, zilizosimuliwa jikoni na akina mama waliokwisha kuondoka, wakiwasimulia watoto waliozaliwa kwingine. Tan mwenyewe alizaliwa Oakland, California, mwaka 1952, na mama yake alikuwa na mabinti aliowaacha China kutokana na ndoa ya kwanza. Mwaka 1987 walisafiri pamoja kwenda kuwaona.

Kikundi cha wasomaji kitafaidi kikiipa kila sehemu mkutano mmoja, mikutano minne kwa jumla. Mkutano wa tatu waambieni wenye kitabu wachague upande katika ule mlo wa Rich, wa mama au wa binti. Wa nne warudie swali hilo baada ya kusoma sura ya 15, na wengi watahama. Kama kuna mama na binti katika kikundi kimoja, msiwaombe wazungumzie maisha yao. Waacheni wabishane juu ya Lindo na Waverly, yanatosha.

Filamu ya mwaka 1993 iliyoongozwa na Wayne Wang, ambayo Tan alishiriki kuiandika, ni nzuri na inasaidia kuyashika majina, lakini itazame baadaye. Imelainisha baadhi ya pembe na kugeuza nyingine. Ndoa ya Rose inapata mwisho mwepesi kuliko kitabuni, ambako anachosimamia ni kukataa kuondolewa nyumbani kwake. Siri ya Ying-ying nayo inabadilishwa kuwa tukio jingine kabisa. Safari ya China kitabuni ni ya Jing-mei na baba yake, na bila mzee yule njiani tungekosa maelezo ya majina.

Nimeacha kundi moja makusudi: waliofiwa na mama. Kama msiba bado mbichi, subiri. Ukiwa tayari, utakutana na sura ya 12. Suyuan amenunua kaa kwa ajili ya mlo wa mwaka mpya, mmoja amekatika mguu. Waverly anachagua wazuri kwa ajili yake na wake. Jing-mei ananyoosha mkono kumchukua yule mbovu, mama anamzuia, na wageni wakishaondoka anavua mkufu wenye kidani cha jiwe la kijani na kumvisha. Binti anashindwa kuuliza kidani kina maana gani, akidhani ipo siku. Mwisho wa sura mama amekwisha kufa. Jing-mei yuko jikoni mwa mama, anampikia baba chakula cha jioni, anayasikia maji ya wapangaji wa ghorofani waliokuwa wakimkera mama. Paka wa wapangaji anajitokeza dirishani, na Jing-mei anampigia kelele, anapiga kioo kwa kiganja mara tatu, vilevile alivyokuwa akifanya mama yake.